Camry isiyo na mlango

Mwanangu alikwisha kuligusa gari lile kabla sijamzuia.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Mei, mbele ya duka moja la vipuri hapa Concord, nje kidogo ya Charlotte, Marekani. Wiki ya mbio za magari za maili 600 huwa hivi: duka lenye nafasi ya kuegesha huletewa gari la maonyesho, likawekwa juu ya zulia, na kijana mmoja akasimama kando na kofia za kugawa. Gari la siku hiyo lilikuwa Toyota Camry, na jina lenyewe limeandikwa kwenye bampa. Hatua kumi kutoka pale nilikuwa nimeegesha Camry yangu, ileile ninayobebea abiria siku sita kwa wiki, yenye harufu ya chipsi za mwanangu na udi kidogo wa mama yake.

"Baba, hii ni kama yetu?"

Nikasema ndiyo. Baba gani angesema hapana?

Akaanza kutafuta kitasa. Akapapasa ubavu wa kulia, akazunguka wa kushoto, akarudi. Pale mlango ulipotakiwa kuwepo pana ubavu mtupu wenye namba kubwa. Akaenda mbele, akainama, akaweka kidole kwenye taa. Ukucha ukaingia chini ya ukingo wake.

Taa ilikuwa stika.

Yule kijana wa kofia akacheka kwa mazoea. Nadhani humtokea kila siku. Mwanangu hakucheka. Akauliza swali ambalo mimi, niliyeishi katika mji huu miaka tisa na kubeba mashabiki wa mbio hizi mpaka nikajua ugomvi wao, sikuwahi kuliuliza:

"Sasa usiku wanaonaje?"

Nikamweleza kwamba uwanja una taa zake. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye gari letu, akafungua mlango wake mwenyewe, akaketi. "Basi si kama yetu," akasema, na kwake yeye habari ikaishia hapo.

Kwangu haikuisha.

## Datsun ya mjomba

Mimi ni mtu wa Voi, Kenya. Waliokulia njia ya Safari Rally, zile mbio za magari za kwetu, hawahitaji kuelezwa Pasaka ilikuwaje.

Mjomba wangu alikuwa na Datsun 160J. Shekhar Mehta alishinda Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na mara zote nne alikuwa ndani ya Datsun. Ushindi wa pili ulipofika, mjomba alipiga namba ubavuni kwa rangi nyeupe, na sikumbuki trafiki hata mmoja aliyemsimamisha. Kila alipokaribia reli alibadili gia kwa nguvu, akatutazama kwenye kioo kuona kama tumeshika viti.

Hakuwa akitudanganya. Aliamini kwamba yeye na Mehta wanaendesha kitu kimoja, ila mmoja ana haraka zaidi. Nilikuwa mtu mzima nilipojua ni kazi kiasi gani hufanywa chini ya gari la rali kabla halijaingia matopeni. Hata hivyo mstari ulikuwepo, mtu angeweza kuufuata kwa kidole: kutoka lile lililopita na vumbi lake hadi lile lililoegeshwa chini ya mwembe wetu.

Ndiyo maana stika ile iliniuma. Herufi mbili za katikati ya jina NASCAR, ligi inayoendesha mbio hizi, yaani S na C, zinasimamia "stock car", gari la stoo, gari la dukani, lile ambalo mimi na wewe tungelinunua likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Jina limebaki. Nikataka kujua gari lilitoka lini.

Nikawa nasoma usiku kwenye foleni ya uwanja wa ndege. Foleni ile ni ndefu, inamtosha mtu kusoma mengi.

## Springi za nyuma

Mbio za kwanza kabisa za ligi hii zilifanyika hapahapa Charlotte, tarehe 19 Juni 1949, kwenye uwanja wa udongo wenye mzunguko wa robo tatu ya maili. Ulikuwa upande wa magharibi wa mji, si mbali na mahali ninapongojea abiria. Bill France, mwanzilishi wa NASCAR, alikuwa na wazo la kibiashara kuliko la michezo: watu wameshachoka na makopo ya zamani yaliyokatwakatwa, walete gari jipya, lile wanalolitamani kwenye kioo cha duka, walione likipigwa mijeledi. Ligi yenyewe ikapewa jina lenye maana ya dukani tupu, bila nyongeza.

Magari 33 yakaanza. Lee Petty aliazima Buick ya rafiki yake, akaingia nayo mbioni, akaipindua. Mwanawe Richard, aliyekuja kuwa dereva maarufu kuliko wote, alikuwa na miaka 11 na alikuwepo akitazama. Nimeifikiria sana safari ile ya kwenda kumweleza mwenye Buick.

Aliyevuka mstari wa kwanza ni Glenn Dunaway, katika Ford ya 1947. Wakaguzi wakainama chini ya gari lake, wakakuta springi za nyuma zimefanyiwa kazi. Ulikuwa ujanja wa wasafirisha pombe ya magendo wa milimani huku: gari likipakiwa lisikae chini kwa nyuma likamwita polisi, na kwenye kona lisiyumbe. Aliyeziona Probox za miraa zikishuka kutoka Meru anazijua springi hizo bila kuambiwa. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper wa Kansas aliyekuja na Lincoln, pamoja na dola 2,000. Mwenye Ford akaenda mahakamani, akashindwa.

Nilicheka peke yangu, saa kumi alfajiri, mpaka dereva wa mbele yangu akageuka.

Gari la kwanza kumaliza mbio za magari ya dukani halikuwa la dukani.

Na zile taa je? Hazikuanza na stika. Madereva wa mwanzo walikuwa wakizifunika kwa utepe, ili zikigongwa vioo visimwagike njiani. Milango waliifunga kwa mikanda na kamba isije ikafunguka kwenye kona. Kwa hiyo mlango ulikuwepo lakini haufunguki, na taa zilikuwepo lakini hazimuliki. Stika ile ina ukoo mrefu kuliko nilivyodhani.

Kidogo moyo ukatulia. Kama mchezo ulianza na uongo, basi hakuna aliyenidanganya mimi.

Lakini haukutulia sana. Mwaka uliofuata, 1950, katika mbio za kwanza za maili 500 kule Darlington, mshindi alikuwa Johnny Mantz katika Plymouth ambayo haikuwa na kasi ya kumtisha mtu. Alivaa matairi magumu ya lori. Wenzake waliomwacha mbali walipasuka tairi moja baada ya jingine, naye akawa anapita tu. Hiyo napenda. Ni akili ya mtu ambaye hana fedha za injini lakini analifahamu gari lake, na gari lenyewe bado lilikuwa gari.

## Duka lilipoletewa gari la uwanjani

Hadithi ya kati nitaipita haraka, maana ni ya kasi na fedha, na kasi na fedha hufanana kila mahali. Ila kuna kipande kimoja lazima nikisimulie.

Miaka ya mwisho ya sitini kanuni ilikuwa bado inadai kwamba gari la mbio liwe linauzwa kwa umma. Chrysler wakataka pua ndefu iliyochongoka na bawa refu nyuma ili gari likate upepo bila kuinuka. Nani anauza gari la namna hiyo? Hakuna. Basi wakalitengeneza ili waliuze, ili wapate ruhusa ya kulikimbiza. Dodge Charger Daytona ya 1969 ilihitaji magari 500. Mwaka uliofuata kanuni ikakazwa, na Plymouth wakatoa karibu 1,900 ya Superbird. Tarehe 24 Machi 1970 Buddy Baker akapita maili 200 kwa saa, kilomita 322, kwenye uwanja wa Talladega.

Huku mjini baadhi ya Superbird zilikaa kwa wauzaji bila mnunuzi, na bawa lao juu kama kamba ya kuanikia nguo. Leo ukiipata moja ni utajiri. Wakati ule zilikuwa mzaha.

Unaona kilichotokea. Duka lilikuwa likiupelekea uwanja magari. Sasa uwanja ukaliletea duka magari, na duka likashindwa kuyauza. Nadhani hapo ndipo mstari wa mjomba ulipokatika, ingawa magari yaliendelea kuitwa kwa majina ya dukani kama kwamba hakuna kitu.

Kasi ikaendelea mpaka ikajiziba yenyewe. Mwishoni mwa Aprili 1987, Talladega hiyohiyo, katika majaribio ya kupanga nafasi, Bill Elliott alipata nafasi ya mbele kwa kasi ya maili 212.809 kwa saa. Katika mbio zenyewe, mwanzoni mwa Mei, gari la Bobby Allison lilipaa, likararua uzio mbele ya watazamaji, na baadhi yao wakaumia. Kuanzia 1988, katika viwanja vya kasi kubwa, injini zikawekewa kisahani chenye matundu ili zisivute hewa ya kutosha. Sijui mchezo mwingine ambao mtu hugharamia injini ya ajabu kisha akaiziba pua.

Cha kushangaza ni kwamba gari la mbio lilibaki mzee katika mambo mengine. Kabureta, ambayo magari ya dukani yalishaiaga tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, ilidumu katika ligi hii hadi 2011. Difu ngumu ya kipande kimoja, kama ya lori, ilidumu hadi 2021. Lilipokuja gari jipya mwaka 2022, kila gurudumu la nyuma likapewa uhuru wake, kama ilivyo chini ya Camry yangu. Magurudumu yakawa ya alumini, kama yangu. Kwa hiyo ukilitazama kwa chini gari la leo linafanana na la dukani kuliko la baba zake. Ukilitazama kwa juu, taa ni picha.

Ila nati. Yangu ina nati tano kila gurudumu, na siku zote mbio hizi zilikuwa na nati tano, zikifunguliwa kwa sauti kama mtu anayerarua kitambaa mara tano bila kupumua. Sasa ni nati moja katikati. Mafundi wa huku wanaizungumzia sauti ile kama watu wa kwetu wanavyozungumzia filimbi ya treni.

## Ile Februari

Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kuandika makala nyingine kabisa, yenye hasira. Kichwa chake kilikuwa na neno "bandia". Niliiacha kwa sababu ya jioni moja ya tarehe 18 Februari 2001.

Dereva Dale Earnhardt aligonga ukuta wa uwanja wa Daytona katika kona ya mwisho ya mzunguko wa mwisho. Picha yake haitishi. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Nimeona ajali mbaya zaidi pale Maungu kwenye barabara ya Mombasa, na watu wakatoka wakijipangusa. Earnhardt alikufa kwa sababu kichwa chake hakikushikwa na kitu, fuvu likavunjika kwenye kitako chake. Katika miezi tisa alikuwa wa nne katika ligi za NASCAR kufa, baada ya Adam Petty, Kenny Irwin na Tony Roper. Adam alikuwa kitukuu wa yule Lee wa Buick ya kuazima, na alikuwa na miaka 19.

Baada ya hapo kila walichofanya kiliondoa dukani kile kidogo kilichobaki. Kola ya kushika kichwa na shingo ikawa lazima kabla mwaka huo haujaisha. Kuta zikavikwa chuma na povu linalobonyea. Kiti kikamsogeza dereva kuelekea katikati, mbali na ubavu, kikamkumbatia mbavu na mabega. Mwaka 2007 likaja gari lililobuniwa kwa usalama kwanza na sura baadaye. Lilikuwa baya kwa macho. Dereva Kyle Busch alishinda mbio za kwanza kabisa za gari hilo, kisha akasimama mbele ya kamera akalitukana.

Tangu siku ile ya Februari, ligi kuu haijamzika dereva mwingine aliyefia mbioni.

Mwaka 2020 dereva Ryan Newman alipinduka Daytona, gari likiwa hewani akagongwa na mwingine upande wake, akateleza juu ya paa huku cheche zikiruka. Siku mbili baadaye alitoka hospitalini kwa miguu yake, ameshika mikono ya binti zake wawili.

Mtu aliyeketi ndani ya Buick ya dukani asingetoka.

Sasa niandike nini kuhusu stika? Kwamba nataka taa za kweli? Na hata huo usalama nao si hadithi nyoofu: gari la 2022 lilikuja gumu mno upande wa nyuma, madereva wakaanza kulalamika vichwa, na Kurt Busch aligonga ukuta wa Pocono Julai mwaka huo, akapata mtikisiko wa ubongo, na hakurudi tena kwenye ligi. Mwaka uliofuata wakalilainisha. Wanajifunza kwa vichwa vya watu, hata leo.

## "Yeyote?"

Nikabadilisha hoja. Nikajiambia kilichopotea si gari la dukani, ni mtu wa dukani. Zamani mtu aliazima Buick akaja. Leo fremu inatoka kwa mtengenezaji mmoja, vipande vingi vina muuzaji mmoja mmoja aliyeidhinishwa, na tangu 2016 nafasi 36 kati ya 40 za kuanza mbio zina hati zenye wenyewe, zinazouzwa kwa mamilioni ya dola. Hoja nzuri. Nikaanza kuwapa abiria.

Usiku mmoja nikampa mzee mmoja Mmarekani mweusi, nikimpeleka upande wa Beatties Ford Road. Nikamwambia, mzee, zamani yeyote aliweza kuja na gari lake akashindana.

Alikaa kimya taa mbili za barabarani.

"Yeyote?" akasema.

Kisha akanitajia Wendell Scott, na mpaka tunafika kwake sikuwa na la kusema.

Scott alikuwa mtu wa Danville, Virginia. Alikuwa dereva wa teksi, na aliwahi kubeba pombe ya magendo kama wenzake weupe waliokuja kuimbwa. Alijenga magari yake mwenyewe kwa spea zilizotumika, na wanawe ndio waliokuwa mafundi wake. Yaani ndiye hasa yule mtu niliyekuwa nikimlilia. Tarehe 1 Desemba 1963, Jacksonville, Florida, aliwaacha wote kwa mizunguko miwili. Bendera ikapigwa kwa Buck Baker, na Baker ndiye aliyepewa kombe. Saa kadhaa baadaye, uwanja ukiwa mtupu, maofisa wakakiri kwamba aliyeshinda ni Scott. Walisema ni kosa la kuhesabu. Scott hakuamini hivyo mpaka anakufa mwaka 1990. NASCAR iliwakabidhi familia yake kombe mwaka 2021.

Karibu miaka 58, kwa mbio alizoshinda kwa mizunguko miwili.

Oktoba mwaka huohuo Bubba Wallace alishinda Talladega, mtu mweusi wa pili kushinda katika ligi kuu. Gari lake halikujengwa na wanawe. Ni la timu ya Michael Jordan na Denny Hamlin, lina stika za taa, halina mlango.

Ni Camry.

Na mwaka 2024 timu hiyohiyo ya Jordan iliipeleka NASCAR mahakamani kuhusu zile hati nilizokuwa nikizilaani, kwa hiyo hata tajiri kama yeye aliona mlango wa mchezo huu ni mwembamba. Mambo haya hayakubali kupangwa upande mmoja, nimejaribu. Nikimlilia mtu wa Buick ya kuazima nakumbuka Scott akingojea uwanjani Jacksonville. Nikishangilia Camry ya Wallace nakumbuka kwamba hakuna dereva wa teksi wa Danville, wala wa Voi, atakayeijenga moja uani kwake.

Mke wangu aliponisikia nikiyazungusha haya kwa mara ya nne aliniuliza kama nimelipa bima ya gari.

## Jumapili iliyopita

Niliamka saa tisa usiku kwenda kazini. Mbele ya nyumba Camry yangu ilikuwa haina macho. Mwanangu alikuwa ametoka na utepe wa bluu wa mafundi rangi tulipokuwa tumelala mchana, akazifunika taa zote mbili za mbele, mistari kwa mistari, kwa uangalifu ambao hauonyeshi kwenye kazi za shule. Mlango wake wa nyuma ameubandika karatasi: namba 6, umri wake.

Nikabandua utepe wa taa zote mbili, kwa kuwa polisi wa hapa si trafiki wa Voi.

Namba niliiacha. Abiria wa kwanza, mama mmoja anayewahi ndege ya Atlanta, aliitazama, akafungua mlango, akauliza kama tutachelewa.